Benchi la Thirza na Korongo wa Bi Hask

Wakubwa wa kijiji chetu cha Blaxwade wakikosa kazi hutafuta kitu cha mtu wakisogeze. Mwaka huu waliliona benchi la mke wangu.

Benchi lenyewe ni mbao tupu na miguu ya chuma. Liko kwenye nyasi za uwanja wa kijiji, kati ya kanisa na kidimbwi, na mgongoni lina kibao cha shaba kilichoandikwa: Thirza Garrod, aliyependa kukaa hapa. Basi. Mtoto hatukupata, kaburi Thirza hana, maana majivu yake niliyamwaga kidimbwini siku ya upepo na nusu yakanirudia kwenye koti. Kwa hiyo nikitaka kuongea naye naenda benchini. Nabeba chai kwenye chupa, namwambia vitunguu vimepanda bei, nani kafa, na nani angekufa tukashukuru. Benchi likiondoka, sina pengine pa kumkuta.

Alikufa akiwa kwenye foleni. Sisemi ya dukani. Moyo wake ulichoka, daktari akasema apasuliwe, hospitali ikasema vizuri, tumemwingiza kwenye foleni, msubiri. Tukasubiri. Kila nikipiga simu naambiwa, "Anasogea vizuri, mzee." Alisogea vizuri mpaka akafa. Nikawapigia kuwaambia amekufa, sauti ya mashine ikanijibu kwamba simu yangu ni muhimu sana kwao na nipo kwenye foleni. Nikakata.

Sasa bila Bi Leonora Hask haya yote yasingetokea, kwa hiyo lazima nimseme, ingawa naye ni marehemu. Hakuna mtoto wa nchi hii aliyelala bila kusomewa vitabu vyake. Vyote ni habari za Konstebo Spindle, korongo aliye polisi wa kijiji kama hiki chetu, isipokuwa kule ukimwita polisi anakuja. Katika kimoja anaukamata upepo ulioiba chupi za kasisi kwenye kamba. Katika kingine viatu viwili vinagombana, vyote vinataka kuwa cha kulia, na Konstebo anavifungisha ndoa. Kuna kile ambacho mwezi unashuka kununua mkate, unasema una haraka, uhudumiwe kwanza. Konstebo anaupanga nyuma ya konokono, na nchi nzima inakaa gizani mpaka konokono apate andazi lake.

Na vyote vinaishia hapo hapo. Wanyama wanapangwa mmoja nyuma ya mwenzake kwa jinsi walivyofika, Konstebo anasimama mbele kwa mguu mmoja, na kila aliyesubiri anapata haki yake. Mtoto analala. Anakua, anakuwa mtu mzima asiyeweza kuona mgongo wa mtu bila kwenda kusimama nyuma yake. Nchi imejaa watu hao. Wakubwa wanawapenda sana, maana mtu anayesubiri haombi kitu kingine.

Bi Hask mwenyewe alikaa kwenye kinu cha zamani kule mtoni. Thirza alimfanyia usafi tangu usichana wake hadi yule bibi alipofariki. Bibi hakuolewa, alisema mume anakula nafasi ya kabati zima. Aliandikia kwenye stoo ya chakula, kakaa juu ya gunia la viazi chini ya mapaja ya nguruwe yaliyotundikwa, kwa sababu paja la nguruwe haliulizi unaandika nini. Watoto aliwaogopa kama nyigu. Shule zikija na maua yeye huyo chini ya piano, na Thirza mlangoni anasema, "Bi Hask amekwenda London." Watoto wanaimba hapo hapo nje, na piano ndani inaitikia polepole, maana bibi alikuwa ameegemea kanyagio lake, na nyuzi zikiachiwa hivyo huvuma zenyewe zikisikia wimbo.

Na foleni hakuwahi kupanga hata siku moja. Akiingia kwa mwoka mikate alikwenda moja kwa moja mbele, akasema, "Mimi natunga," akachukua mkate akaondoka. Waliokuwa nyuma walimkasirikia Thirza. Siku nyingine akitaka kitu alimtuma Thirza, na Thirza ndiye aliyesimama na kikapu mvua ikimpiga, kwa ajili yake na kwa ajili ya bibi.

Basi ikatimia miaka mia tangu azaliwe, na baraza la kijiji likapata wazimu. Mwenyekiti ni Hester Cobbold, mama mwenye sauti ya kengele, aliyechaguliwa kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Karani wake ni Neville Spurling, anayemfuata nyuma kama mkia. Wakatuamuru tupake milango yetu rangi ya kijani kama ya kitabuni. Wakafukuza mabata kidimbwini, kwa kuwa Bi Hask hakuandika bata. Mwezi wa tatu akatua korongo wa kweli, akasimama majini akitafuta samaki wake kwa adabu zote. Spurling akamkimbiza na mwavuli. Nikamuuliza kisa. Akasema korongo yule hakuvaa kofia, angewachanganya wageni.

Halafu wakaagiza sanamu ya shaba ya Konstebo Spindle, ndefu kuliko mlango wa kanisa. Siku moja nikawaona wote wawili langoni kwangu.

"Mzee Garrod! Habari za asubuhi. Tumekuja kwa kajambo kadogo tu," akasema Cobbold.

"Wakubwa wakija na kajambo kadogo mimi hushika mfuko wangu. Sema, mama, nakusikia."

"Ni lile benchi."

"Benchi lina nini?"

"Halina kitu, ndiyo shida yenyewe," Spurling akadakia. "Halimo kitabuni. Kwenye picha, kati ya kanisa na kidimbwi, amesimama Konstebo peke yake."

"Hata wewe humo kitabuni, Neville, na bado tunakuona kila siku."

"Nimo. Kuna karani mule."

"Konokono yule!"

"Ni konokono, sikatai, lakini ni karani."

Cobbold akamkanyaga mguu. "Mzee wangu, hatulitupi. Tunalihamisha tu. Tumelipatia mahali pazuri, penye kivuli, pametulia."

"Wapi?"

Spurling akaanza kuchunguza rangi ya mlango wangu.

"Nyuma ya choo cha wageni," Cobbold akasema.

"Mke wangu kasugua choo cha yule bibi yenu mpaka magoti yakaota sugu. Leo amekufa mnataka akalinde choo cha wageni?"

"Usilichukulie hivyo. Tumepiga kura."

"Kura za nani?"

"Zetu," wakasema kwa pamoja, wala hawakuona haya.

Wangekuja Jumamosi asubuhi na fundi na lori, kabla sherehe haijaanza. Sikubishana tena. Ukibishana na baraza wanaandika kwamba ulishirikishwa.

Jumamosi niliwahi kabla jua halijatoka. Nilikusudia nikae benchini mpaka fundi aje, nimwambie akiling'oa aning'oe na mimi. Lakini jongo lilikuwa limenishika mguu wa kushoto, gumba limevimba kama kiazi, na nikikaa chini kuinuka ni kazi. Nikaogopa wasinikute nimekaa nisiweze kusimama kupigana. Kwa hiyo nikasimama mbele ya benchi, mkono mmoja nimeshika mbao, mguu mbaya nimeukunja juu. Nilivaa koti langu la mvua la kijivu, na kofia nyeusi ya marehemu baba yake Thirza. Sikumwigiza mtu. Niliumwa tu.

Akaja mwanamke mgeni na binti yake mdogo, wote wamefunga midomo mirefu ya karatasi ngumu usoni. Wakanitazama kuanzia kofia mpaka ule mguu uliokuwa juu.

"Samahani, mzee. Foleni inaanzia hapa?"

"Foleni gani? Hapa hakuna foleni."

Yule mama akamkonyeza mwanawe. "Umesikia? Ndivyo anavyoongea. Ni yeye Konstebo."

"Mimi ni Wilf Garrod na mguu unaniuma. Niondokeeni."

"Anaigiza vizuri huyu," akasema, akasimama nyuma yangu.

Ikawa ndiyo basi tena. Ukiwa na mtu mmoja nyuma yako, katika nchi hii, wewe ni foleni. Wakaja mume na mke kutoka Ipswich, wakasimama. Likaja basi zima la walimu wastaafu, mabawa ya kitambaa yakiwapepea, wakasimama. Hakuna aliyeuliza foleni ni ya nini, maana ukiuliza umekiri kwamba hujui, na heri mtu avuliwe suruali. Niliwasikia nyuma yangu wakinong'ona.

"Eti, hii ni ya nini?"

"Mimi najua basi? Ila inakwenda vizuri."

"Haijasogea hata hatua toka nifike."

"Basi ujue ni ya kitu cha maana."

Ikapita mlango wa kanisa. Kasisi akachungulia, akaona watu wamejaa langoni mwake, machozi yakamtoka. Akajiunga kwa shukrani. Ikapita baa, walevi wa asubuhi wakatoka na bilauri zao wakajiunga. Watu wakafungua sandwichi za mayai, wakapitishiana biskuti, wakasema hali ya hewa ingeweza kuwa mbaya zaidi. Mimi mbele, mguu juu, nikiwaambia, "Jamani, hakuna kitu hapa, nendeni," nao wakinipigia makofi.

Ndipo lori likafika. Nyuma limebeba sanamu, imefunikwa shuka, mdomo wa shaba umetoboa shuka na kutokeza. Wakashuka Cobbold, Spurling, na Dean Pask, fundi wa kijiji, kijana mpole, mkononi spana.

"Haya mzee, michezo imetosha," Cobbold akasema. "Tupishe."

"Samahani!" Sauti ilitoka nyuma yangu. Yule mama mwenye binti. "Kuna foleni hapa."

"Najua. Mimi ni mwenyekiti wa baraza."

"Na mimi ni daktari wa meno," akasema mtu mwingine, "na nipo hapa toka asubuhi."

"Ninyi hamnielewi. Sisi tumekuja kufanya kazi. Tunang'oa tu halafu—"

"Hata mwezi ulisubiri konokono, mama!" akapiga kelele mwalimu mmoja mstaafu, na mabawa yote yakapigwa.

Halafu yule binti mdogo akanyosha kidole, akasema kwa sauti safi ambayo mpaka kanisani ilisikika, "Mama, yule bibi anachomekea."

Hata walevi walishusha bilauri. Unaweza kumwita mtu wa Uingereza mwizi, ukamwita mlevi, akakuvumilia. Lakini kuchomekea! Nilimwona Cobbold shingo inageuka nyekundu, wekundu ukapanda kidevuni, ukafika kwenye nywele. Akakumbatia mkoba wake, akaanza kutembea kando ya mstari, mbele ya macho ya watu wote, akitafuta mwisho. Spurling huyo nyuma yake.

"Dean," nikamchokoza, "wewe benchi unalifikia kwa mkono. Si uling'oe tu?"

Dean akatazama benchi, akatazama watu. "Ah, hapana, mzee. Si vizuri." Naye akaenda nyuma na spana yake.

Nilidhani nimeshinda. Kumbe foleni ilikuwa imezunguka kidimbwi chote, na mkia wake ulikuwa unarudi. Adhuhuri ilipofika nikaona watu wanasimama upande wa pili wa benchi, mmoja baada ya mwingine, mpaka mbele yangu kabisa ukasimama mgongo wa Dean Pask. Foleni ilikuwa imejishika mkia.

"Dean, umefanya nini?"

"Nipo mwisho, mzee."

"Mwisho gani? Umesimama mbele yangu!"

Habari ikapita mstarini. Kule nyuma, au kule mbele, wakaanza.

"Sasa wa kwanza ni nani?"

"Mzee mwenye kofia."

"Mzee mwenye kofia yuko nyuma ya yule kijana."

"Yule kijana ni wa mwisho."

"Basi mzee yuko nyuma ya wa mwisho."

"Na mimi niko nyuma ya mzee! Yaani nimesimama toka alfajiri niwe nyuma ya wa mwisho?"

Hakuna aliyethubutu kutoka, maana ukitoka umepoteza nafasi. Hakuna aliyeweza kusogea, maana hakuna aliyekuwa mbele. Cobbold, kutoka upande wa kidimbwi, akaita kikao cha dharura. Lakini wajumbe wake walikuwa wametawanyika kwenye duara na kila mmoja alikataa kuondoka alipo. Wakajaribu kupiga kura kwa kupitishiana maneno. Yalipomrudia ilikuwa wamekubaliana kwa kauli moja kuhusu kachumbari.

Hapo simu yangu ikalia mfukoni.

"Habari za mchana," sauti ya binti, changamfu. "Tunapiga kutoka hospitali. Naomba kuongea na Bi Thirza Garrod."

Nikashika mbao ya benchi. "Hayupo."

"Anarudi saa ngapi?"

"Harudi, mwanangu."

"Aa. Basi naomba umfikishie ujumbe. Zamu yake imefika. Tunamtarajia Jumanne. Asipokuja, samahani sana, itabidi tumrudishe mwisho wa foleni."

"Nyie watu..." nikaanza, lakini alikwisha kunitakia mchana mwema.

Mguu niliousimamia ukaniishia nguvu. Nikakaa. Sikuamua kukaa, nilijikuta benchini, kofia imeniangukia magotini. Nikamwambia mke wangu kwa sauti, sikujali nani anasikia: "Thirza. Wamepiga. Zamu yako imefika."

Na foleni ikasogea.

Niliusikia mstari mzima ukivuta pumzi na kupiga hatua moja: kanisani, baa, kidimbwini kote. Watu walishangilia kidogo, kwa heshima. Kumbe ilikuwa ya kukaa! Mambo yakawa wazi kwao. Yule mama akanisubiri nifute macho. Akasubiri tena. Kisha akakohoa kidogo.

"Umemaliza, mzee?"

Ningekataa. Mungu anajua nilitaka kukataa. Lakini na mimi nililazwa kwa vitabu vile vile. Mtu alikuwa nyuma yangu anasubiri. Nikajivuta nikainuka, nikaenda kusimama nyuma ya Dean.

Yule mama akakaa, akampakata binti yake, akasoma kibao kwa sauti: "Thirza Garrod, aliyependa kukaa hapa." Wakatulia. Binti akavua mdomo wake wa karatasi. "Pazuri," akasema. Wakaondoka, wakarudi nyuma. Akaja wa Ipswich na mkewe, wakakaa wameshikana mikono, na nikajua ni miaka mingi hawajashikana. Wakaja walimu mmoja mmoja. Kasisi alikaa akasinzia, ikabidi aguswe. Kila mtu alilisoma jina la mke wangu. Jina ambalo hospitali ilishindwa kulisoma kwa wakati lilisomwa siku hiyo na watu mia na zaidi, kwa sauti, na kwa taratibu.

Jioni zamu ikamfikia Cobbold. Alikaa wima, mkoba magotini, nywele zimelowa kwa manyunyu. Watu wote wanamtazama. Alikuwa amesimama mchana kutwa, miguu imemvimba ndani ya viatu vya sherehe. Angeweza kusema hapo, ni benchi tu hili, ling'oeni. Lakini huyo mtu wa kusimama foleni kutwa nzima kisha akakiri mbele ya watu kwamba ilikuwa ya bure hajazaliwa bado katika nchi hii.

"Vipi, bibi?" yule binti mdogo akamuuliza.

Cobbold akafuta manyunyu usoni. "Ilistahili," akasema.

"Ilistahili sana," akasema Spurling, kabla hata hajakaa.

Dean alipofika hakukaa. Alipiga magoti na spana yake, nikajua sasa linang'olewa. Akakaza bolti ya mguu wa nyuma, akatikisa benchi kwa mkono.

"Lilikuwa linacheza," akasema, akaenda zake.

Basi benchi lipo. Kitu ambacho watu wamekipangia foleni kutwa hakiwezi kuhamishwa. Hilo hata baraza linaelewa. Konstebo Spindle wa shaba wamemsimamisha nyuma ya choo cha wageni, mahali pazuri, penye kivuli, pametulia. Ndege wamemkubali.

Ila wakubwa hawakosi la kuharibu. Wiki iliyofuata nikakuta bango limechomekwa kando ya benchi, rangi ya kijani. Linasema Thirza Garrod ni mke wa Konstebo Spindle, katika kitabu ambacho Bi Hask hakuwahi kukichapisha. Nikaenda ofisini kwao na bango mkononi.

"Alikuwa mke wangu mimi!"

"Tunajua, mzee," Cobbold akasema. "Lakini wageni wanauliza Thirza ni nani, na ilibidi tupate jibu."

"Jibu si mnalo? Alikuwa mfanya usafi, akafa anawasubiri wenzenu!"

"Hilo haliwezi kuenea kwenye bango," akasema Spurling. Kisha akaongeza, naye nadhani alidhani ananipa zawadi, "Ila furahi, Mzee Garrod. Sasa yumo kitabuni."

Siku hizi kila asubuhi nikifika na chupa yangu ya chai nakuta wageni wameshatangulia, na wakubwa wamefunga kamba za kuwapanga. Nasimama nyuma yao. Wananiuliza kama nimewahi kukaa. Nasema mara moja mbili. Wanaisifu kofia yangu. Nikifika mbele nakaa, namwambia Thirza bei ya vitunguu na nani kafa, haraka haraka, maana wa nyuma ameshaanza kukohoa.

Jumatano ile wale wa hospitali walinipigia tena kusema Bi Garrod hakutokea, wamemrudisha nyuma kabisa. Nilisubiri mpaka zamu yangu ilipofika ndipo nikamwambia. Kisha nikainuka, nikampisha aliyekuwa anasubiri, nikaenda kule mwisho kuanza tena na mimi.